Jaketi la ziwani lililozama kwenye pipa

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Jaketi la kwanza la kujiokolea majini nililinunua shilingi 18,000 kwa mchuuzi wa kutembeza, likazama. La pili nililinunua shilingi 60,000 kwenye duka moja la vifaa vya uvuvi huku Mwanga, Kigoma mjini, na hilo linaelea mpaka leo. La mtoto shilingi 45,000. Dukani hapohapo nikachukua mtungi mdogo wa kuzimia moto kwa 40,000, na tochi yenye redio kwa 25,000, ambayo pesa yake bora ningeilia samaki wa mgebuka. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa.

Mwenye nafasi avute mkeka. Mimi nauza vitenge. Nyumbani ni Ujiji, ila wateja wangu wako vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kule ambako gari halifiki na barabara ni ziwa. Mara mbili tatu kwa mwezi nashuka bandarini Kibirizi alfajiri na marobota yangu, napanda boti ya mbao, nakaa juu ya ubao mpaka kiuno kife ganzi, nafika gulioni, nauza, narudi. Msimu wangu mkubwa ni kiangazi. Mwaka ambao ziwa limefungwa ili kupumzisha samaki, likishafunguliwa Agosti wavuvi wanaingia majini na uchu wa pesa, na mke wa mvuvi aliyeuza dagaa hanunui kitenge kimoja. Kwa hiyo Septemba na Oktoba, wenzangu wakitafuta kivuli cha mwembe, mimi niko katikati ya Tanganyika na jua la utosi.

Na kiangazi cha huku kina hila zake. Asubuhi ziwa limelala kama mawese yaliyoganda. Jua likipanda, upepo wa kusini unaamka, na kwa vile ziwa lenyewe ni refu, kilomita zaidi ya 600 kutoka kusini hadi kaskazini, wimbi lina uwanja wa kukimbilia. Likikufikia limeshakomaa. Halafu Oktoba, mvua za kwanza zinapopiga hodi, wingu linatoka upande wa Kongo na radi zake, hata turubai hujamaliza kulikunja boti imeshaanza kucheza.

Septemba ya mwaka juzi ndiyo iliyonitia akili. Tulikuwa tunarudi, mzigo umejaa, joto lile la kumfanya mtu agombane na mto wake mwenyewe. Katikati ya boti limefungwa turubai kwa ajili ya kivuli, na abiria wote tumejibanza chini yake kama vifaranga. Upepo ukaanza. Wimbi la kwanza likatulowesha miguu. La pili likaingia kwa ubavu likaondoka na beseni la nyanya la mama mmoja, nyanya zikabaki zinaelea nyuma yetu kwa mstari, nzuri kweli, kila mtu akizitazama na hakuna anayesema neno. Nikamwuliza kijana wa boti, majaketi yako wapi? Akanionyesha kwa kidevu. Yalikuwa mbele kabisa, chini ya magunia ya unga wa muhogo, yamefungwa pamoja kwa kamba ya nailoni yenye mafundo matatu. Nikamwambia, yafungue basi.

"Mama," akasema, na wala hakuwa na ujeuri, "hayo ni ya ukaguzi."

Hakuna aliyekufa siku ile. Tulifika tumelowa chapachapa, kilichopotea ni nyanya. Lakini neno lile lilinikaa. Nilipomsimulia mama yangu, yeye ambaye hasahau msiba wowote wa majini, akanikumbusha MV Nyerere: tarehe 20 Septemba 2018, kule Ukara kwenye Ziwa Victoria, kivuko kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati, watu zaidi ya 200 wakapotea. "Septemba vilevile," akasema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Ndipo nikanunua lile la 18,000. Lilikuwa zuri, sitalisingizia. Rangi ya chungwa inayochoma macho, zipu mbele, mikanda miwili, maandishi ya Kiingereza mgongoni. Mchuuzi alikuwa nayo kama kumi begani, anayauza pamoja na miamvuli na vibegi vya shule. Nikalivaa safari nane. Botini walinicheka wakachoka. Kaka yangu, ambaye amevua tangu hana ndevu, aliniambia anayevaa jaketi anajichulia kifo, kwamba ziwa humtaka anayeliogopa. Nikamwambia ziwa limewahi kuwataka na wasioliogopa, na orodha anayo. Tukaachana hapo. Na nikiri kosa langu pia: ubao ukinichosha nililivua nikalikalia. Jaketi si mto wa kukalia, lakini hilo nilikuja kuambiwa baadaye.

Aliyenizindua ni mzee wa duka la Mwanga. Nilikwenda kumtafutia binti yangu jaketi, ana miaka minane na likizo fupi ilikuwa inakaribia, naye alishanililia nimpeleke safari moja akaone biashara. Duka ni jembamba, nyavu zimening'inia mpaka usoni, linanuka kamba mpya na petroli. Taa za sola za wavuvi upande huu, vyelezo upande ule, na mlangoni kuna pipa la bluu limejaa maji. Nikadhani la kunawia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo umelilowesha?"

Alikuwa anatazama jaketi nililolishika mkononi. Nikamjibu kwa fahari kidogo kwamba nimelivaa safari nane.

"Sijauliza umelivaa. Nimeuliza umelilowesha."

Kisha akafanya jambo ambalo mimi, mtu wa biashara, sijawahi kulifanya: akakataa kuniuzia. Akasema nenda nyumbani, litie kwenye maji na uzito, liache usiku mmoja, kesho uje tuzungumze. Nikaondoka nimeudhika. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, kumbe kununua siruhusiwi.

Nyumbani pipa la mvua lilikuwa kavu, kiangazi kile. Ikabidi lijazwe kwa ndoo za bomba, na binti akanuna kwa kila ndoo. Jirani yangu muuza dagaa akaniazima jiwe la mizani la kilo tano. Nikalifunga kwenye mikanda ya jaketi, nikalitumbukiza saa moja jioni. Likaelea. Lilishusha mabega kidogo lakini likaelea, nami nikaanza kumtungia mzee maneno ya kesho. Saa tatu nilipotoka kufunga mlango, kola tu ndiyo ilikuwa juu. Alfajiri nikatoka na kopo kuchota maji ya udhu, naona pipa jeupe. Nikamulika. Jaketi lilikuwa chini kabisa, limemlalia yule kilo tano, mikono ya mikanda imeinuka kidogo majini kama mtu anayeomba.

Kijana wangu akalichana kwa wembe, sote tumelizunguka, mpaka bibi yake akaja na kiti. Ndani mlikuwa na sponji ya godoro. Ile ya njano, imekatwa vipande vipande kama vya kuoshea vyombo, na katikati ya kila upande kipande cha boksi ili kifua kisimame. Boksi lilishakuwa uji. Nikashika upande mmoja nikaukamua, maji yakatoka kama ninakamua deki. Safari nane nimepita juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470 nikiwa nimefunga godoro kifuani.

Hapa Kigoma tunajua kitu kuzama na kutoka. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 baada ya kuipaka injini grisi, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Jaketi langu halikufika asubuhi.

Nikarudi Mwanga bila maneno niliyoyatunga. Mzee hakunicheka, akanipa kigoda. Na kuanzia hapo ndipo ninapoanza kulisifu duka, maana nilikaa pale karibu saa nzima na hakuna wakati aliponiharakisha, ingawa wateja wengine walikuwa wanapiga kelele za nyavu. Alinipa kipande cha povu la jaketi zuri nilibinye. Ni gumu kidogo, likibinywa linarudi, na ukilitazama kwa karibu vitundu vyake vimejifunga kila kimoja peke yake, maji hayana mlango. Sponji ya godoro vitundu vyake vimetobokeana, kwa hiyo ni suala la muda tu. Akaniambia kwa sheria za kimataifa za vyombo vya majini, jaketi likikaa majini saa 24 halitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia tano ya nguvu yake ya kuelea. Langu, kwa hesabu yangu, lilipoteza asilimia mia na jiwe la watu.

Kisha akanifundisha kusoma namba, na hili naomba mlisikilize hata kama jaketi hamnunui leo. Kwenye kitambulisho kilichoshonwa ndani huandikwa 50, 100 au 150, ikifuatwa na herufi N. Masomo ya shule yalinirudia: Nyutoni, kipimo cha nguvu. Kumi ni kama kilo moja, kwa hiyo 100 ni jaketi linaloweza kubeba kilo kumi hivi majini. Nikamwambia mzee, mimi nina kilo 84, kilo kumi zitanifanya nini? Akasema mwili ukiwa majini tayari unajibeba wenyewe karibu wote, kinachotakiwa ni kuongezewa kilo tatu mpaka tano hivi kichwa kibaki juu. Akaongeza, kwa adabu zake zote, kwamba mnene huelea vizuri kuliko mwembamba. Ni mara ya kwanza kitambi changu kusifiwa dukani. Lile la 50 ni la anayejua kuogelea na yuko karibu na nchi kavu, wala halitamgeuza aliyezirai. Kwa safari zetu za Kibirizi akasema nisishuke chini ya 100.

Pipa la mlangoni sasa nikalielewa. Akalitumbukiza jaketi jipya, akaning'iniza jiwe la kilo kumi kwa kulabu, likabaki linaelea limekunja uso. Tukaliacha hapo tukiendelea na mengine. Akanionyesha filimbi kwenye mkanda wa bega, maana sauti ya mtu haishindani na injini na mawimbi. Akanionyesha vipande vinavyong'aa kama vya kizibao cha bodaboda, ukimulikwa usiku uonekane. Na mkanda mmoja ambao kwenye lile la kwanza haukuwepo kabisa, unaopita katikati ya miguu. Huo ndio unaozuia jaketi lisipande likuache wewe chini.

Nilikwenda kulijaribu Jumapili asubuhi, ufukweni, kabla watu hawajawa wengi. Kijana wangu alisimama karibu na kamba. Nikaingia mpaka maji ya kifuani, nikainua miguu. Jaketi likapanda. Likafika masikioni, kidevu kikaingia ndani ya kola, nikawa namwona mwanangu kwa upenyo kama mtu aliyechungulia tundu la ufunguo. Kosa lilikuwa langu, mikanda niliifunga kwa ulegevu wa mtu anayeogopa kubanwa. Nikatoka, nikaikaza mpaka vidole viwili tu vinapita, nikapitisha na ule wa miguuni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mkanda wa miguuni na dera havielewani. Sasa nasafiri na suruali ndani ya dera. Wenzangu wa vitenge mlizingatie hilo kabla hamjafika majini, si mahali pa kuanza kupandisha nguo.

Mara ya pili likakaa. Maji yalinifika chini kidogo ya kidevu, mdomo mkavu. Nikajilaza kifudifudi makusudi, uso majini, nikalegea kama maiti. Lilinigeuza, ila halikuwa na haraka. Nilihesabu mpaka tano. Nikapuliza filimbi, mbwa watatu na mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu wakainuka. Maji ya ziwa letu ni ya vuguvugu, hayakugandishi upesi kama ya nchi za baridi, kwa hiyo mtu aliyevaa jaketi sawasawa amepewa masaa ya kungoja boti nyingine. Mzee wa duka alisisitiza pia boti ikipinduka usiiache. Ni ya mbao, inaelea hata ikiwa kichwa chini. Nchi kavu huonekana iko karibu, mtu anaanza kuogelea, anaishiwa njiani.

La mtoto tulilipima dukani. Majaketi ya watoto huenda kwa kilo, si kwa umri, na la binti yangu limeandikwa kilo 20 hadi 30, yeye ana 27. Mzee alimvika, akamfunga, akamshika mabegani mwa jaketi akamnyanyua kidogo kutoka sakafuni. Jaketi likipita masikio, ni kubwa. Kumnunulia mtoto kubwa ili "alikulie" kama sare ya shule ni kumnunulia njia ya kutokea kwa chini.

Ubaya wake sasa, maana sifa tupu huwa ni za ndugu wa muuzaji. Ni la moto. Jua la saa saba juu ya maji linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka ziwani, na kifua kimefungwa kwa povu la unene wa kitabu cha hesabu. Mkanda wa kushoto unachuna shingo, nimeuzungushia kitambaa. Klipu ni za plastiki na moja inafunga kwa kusitasita. Ukililoweka jasho safari nne bila kulisuuza linanuka kama mtego wa mgebuka. Na mzee anasema halitakiwi kuanikwa juani, linapauka na kitambaa kinaoza. Lianikwe kivulini, mbali na petroli, mbali na panya. Nyumba gani Ujiji haina panya? Nimelitundika kwa waya katikati ya chumba, wageni wanadhani ni pambo.

Kuhusu joto, nimejitafutia njia. Naondoka na boti ya kwanza, saa kumi na mbili, nafika upepo haujaamka na jua halijakomaa. Ndani ya jaketi nafunga kanga iliyolowekwa, na inapokauka nachota maji ya ziwani naimwagia. Nabeba lita mbili za maji ya kunywa na pakiti za chumvichumvi za hospitali. Zikikosekana natengeneza mwenyewe: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vimelinganishwa kwa kisu visiwe na kilima. Mama yangu anaionja kwanza; akisema chumvi yake haizidi ya machozi, ndiyo yenyewe.

Na pale chini ya turubai siendi tena. Hili halikunijia mwenyewe, ni mzee wa duka. Joto linawasukuma abiria wote katikati, kivulini, na boti ikipinduka wanakuwa chini ya turubai, na aliyevaa jaketi ndiye anayebanwa zaidi kwa sababu linamsukuma juu dhidi ya kitambaa. Nikikaa, nakaa pembeni, na mwamvuli wangu mdogo. Unanichekesha hata mimi: jaketi, mwamvuli, kanga inayodondoka maji. Boti nzima ya Kibirizi sasa inaniita Mama Boya.

Oktoba iliyopita kijana mmoja wa kupakia mizigo alianguka gatini mchana. Alikuwa amebeba tangu asubuhi, hajanywa kitu. Ngozi ilikuwa moto kama sufuria na alikuwa anazungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Watu wakaanza kumwekea chupa ya soda mdomoni. Nikawazuia, aliyepotewa na akili namna ile anapaliwa. Tulimvuta kivulini, tukamvua shati, tukammwagia ndoo kwa ndoo za maji ya ziwani na kumpepea kwa kadibodi, huku bajaji ikitafutwa ya kumpeleka hospitali. Alipona. Wiki iliyofuata nilimwona amebeba tena, lakini kiunoni kaning'iniza chupa ya maji.

Mtungi wa moto sina mengi ya kuusema kwa sababu namshukuru Mungu sijautumia. Ni wa unga, kilo moja, una kijisaa na sindano yake iko kwenye kijani. Mzee alinionyesha: vuta pini, lenga chini ya moto na si kwenye ndimi zake, bonyeza, fagia kulia kushoto. Unaisha upesi, sekunde chache tu, kwa hiyo ni wa moto mchanga. Nimeutundika karibu na mlango wa jikoni, si juu ya jiko, maana moto ukishika hutaweza kuufuata huko. Kwetu tunakaanga kwa mawese, na mawese yakiwaka hayamwagiwi maji, yataruka mpaka darini. Funika sufuria, zima jiko, ondoka. Namba ya Zimamoto, 114, nimeiandika kwa makaa ukutani, na binti yangu anaiimba kama jedwali la kuzidisha. Kiangazi nyasi zimekauka na watu wanachoma taka kila jioni, sitaki kufundishana mlango ukiwa tayari unawaka.

Tochi yenye redio ni hasara. Nilitaka nisikie utabiri wa ziwa wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, hata umeme ukikatika. Mkono wa kuzungusha ulikatika mwezi wa kwanza, kioo chake cha sola kinachaji kuanzia asubuhi hadi jioni kwa ajili ya robo saa ya taarifa, na redio inashika kituo kimoja tu cha ng'ambo ya ziwa chenye muziki wa dansi. Mama yangu amekipenda, kwa hiyo haijapotea kabisa. Nilipoirudisha mzee aliikagua, akasema kweli ni mbovu, akaniambia hatazileta tena, lakini pesa hakunirudishia. Alinipa kimfuko cha plastiki cha kutilia simu isilowe. Hapo nimempunguzia alama.

Mengine ya duka: halifunguliwi mpaka saa nne asubuhi, kwa hiyo ukitegemea kununua siku ya safari utakosa. Ijumaa mchana hayupo. Hakopeshi, na kwenye bei nilimsugua mpaka midomo ikakauka akanishushia 2,000 na kuniongezea filimbi. Chenji ya noti ya 10,000 hutafutwa kwa majirani. Lakini ni mtu anayekuuzia baada ya kukulowesha, na mimi tangu siku ile hata vitenge vyangu nimeanza kuvichovya ncha mbele ya mteja aone kama rangi inatoka.

Kaka yangu bado hajanunua. Juzi aliniuliza bei ya la mtoto, nikamtajia, akasema ghali, akabadilisha mazungumzo. Nilimwona lakini akilibinyabinya lile la binti pale kwenye waya.

Basi ajue, na wengine mjue. Binti anakua kama mgomba, hazitapita miezi mingi kabla hajavuka kilo 30. Ikifika Februari nitaliuza hilo la mtoto, shilingi 30,000. Klipu zote nzima, filimbi ipo, halijawahi kukaliwa. Mnunuzi anaruhusiwa kuliacha usiku mmoja kwenye pipa langu kwanza, maji atachota mwenyewe.